Nukta Namba Sita

Al Thumama, Doha
17 Novemba 2017

Dada yangu mpendwa Mwanahamisi,

Assalaam alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, pamoja na shemeji na watoto, na Mama awe amepata nafuu ya miguu. Mimi mwilini sina neno. Kazini naenda, chakula nakula. Joto limepungua wiki hii, asubuhi mtu anatoka na sweta. Amiri angekuwa ameshatoa ile ya kijani uliyomfumia, yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Aliivaa hivyo hivyo, na mtu akimcheka alisema dada yake alimpimia akiwa amenyoosha mkono kuomba chai.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati kila Ijumaa tunapigiana simu. Nimejaribu kukueleza kwenye simu mara tatu. Kila nikianza unaniuliza kama nimekula, nami nashindwa kuendelea. Fatuma, yule wa Muheza anayefanya kazi hotelini West Bay, anakuja likizo, ameahidi kukupa mkononi. Isome kwanza ukiwa peke yako.

Unajua mimi na mdogo wetu Amiri tulikuwa kilabu kimoja cha shabaha, yeye akifundisha wanachama kulenga kwa bastola, mimi nikiwa kaunta ya vifaa. Sijawahi kukueleza kazi yangu vizuri. Siku hizi juu ya bastola hufungwa kioo kidogo, upana wake kama stempu. Ukichungulia unaona nukta nyekundu, ukiiweka juu ya shabaha basi risasi inakwenda hapo. Sisi tunakiita doti. Nukta zina ukubwa mbalimbali. Namba mbili ni ndogo. Kwa mita ishirini na tano inafunika sehemu kama ukucha wa kidole gumba, kwa hiyo anayetaka kupiga katikati kabisa huipenda. Namba sita inafunika upana wa vidole vitatu. Haina usahihi huo, lakini jicho huipata upesi, na wazee wengi huichagua. Kazi yangu ni kumsaidia mtu achague.

Mwezi wa tano mwaka huu kilabu kilitangaza kwamba wakufunzi wote watafanya mtihani wa mwaka kwa doti, na kila mmoja aandike kwenye fomu ukubwa atakaotumia. Anayeshindwa anaondolewa uwanjani, na kwa mkataba wetu kuondolewa uwanjani ni kupewa tiketi ya kurudi nyumbani. Amiri alitaka namba mbili, bila shaka. Unamjua alivyopenda usahihi, mtoto aliyekuwa akikata muhogo kwa kupima na kijiti.

Nikamfungia namba mbili. Akairudisha siku ile ile, akasema kioo kibovu, nukta ina mkia. Nikampa kingine. Akasema hiki nacho nukta imezaa, pembeni kuna mtoto wake. Cha tatu vile vile. Gerishon, mkufunzi mwenzake kutoka Kakamega, alikuwa amesimama hapo akicheka. Alipenda kumtania Amiri kwamba Watanzania wanapiga shabaha kwa adabu mno, mpaka waiombe radhi karatasi kabla ya kuitoboa. Akamwambia sasa adabu imezidi, bwana, hata nukta unaikaribisha na wanawe. Amiri akamjibu kwamba Mkenya hata angepewa nukta ukubwa wa chapati bado angepiga ukuta. Tulicheka sote.

Kisha Gerishon akasema tukipige picha kioo kile kwa simu. Hiyo ni njia tunayoijua watu wa kazi hii: kamera ikiona nukta mviringo, basi kioo ni kizima na kasoro iko kwenye jicho la mtu. Nikapiga. Nukta ilikuwa mviringo, moja, safi kama tone la rangi. Hakuna aliyecheka tena.

Kasoro ya jicho peke yake si ajabu, dada. Nusu ya wanachama wetu wanaona nukta ina mikia, tunawapa kubwa zaidi na maisha yanaendelea. Lakini Amiri mwezi wa kwanza alichungulia vioo hivyo hivyo akaona sawasawa. Gerishon alimvuta pembeni akamsihi aende kliniki. Amiri akakataa. Hapa mtu akienda kliniki ya kampuni karatasi inatangulia kufika ofisini kabla yeye hajarudi. Sote tunaishi hivyo: ukiumwa unameza Panadol na kunyamaza, unasubiri likizo ukatibiwe kwenu. Akaniomba mimi kaka yake nimsaidie apite mtihani tu, angetibiwa hospitali ya Bombo akija likizo mwezi wa kumi.

Nikamsaidia. Nikamchagulia namba sita yenye dirisha pana, nikapunguza mwanga wake mpaka ile nukta na mwanawe zikaingiana zikawa donge moja. Nikambandikia utepe mwembamba kwenye kioo cha kushoto cha miwani yake ya kazi, jicho lile lisimsumbue. Waliouliza niliwaambia ni mtindo mpya. Kwenye fomu, penye sababu ya kuchagua ukubwa huo, niliandika kwa mkono wangu kwamba anapenda kasi. Siku ya mtihani, mwanzoni mwa mwezi wa saba, alipita, akawa wa pili kwa wote. Alinikumbatia mbele ya watu. Nilijiona fundi.

Baada ya siku kumi na moja alianguka chumbani kwetu akijiandaa kwenda swala ya Ijumaa. Hakuamka tena.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Wewe ulimpigia Alhamisi ile, ukamgombeza kwamba wiki tatu hajamjulia hali Mama, kwamba Doha imemsahaulisha kwao. Alipofariki mkasema ni presha, na tangu hapo kila tukiongea unarudia kwamba ulimi wako ndio uliomuua mdogo wetu. Dada, si kweli, na mimi nilijua si kweli tangu siku ile ile. Daktari alinieleza kulikuwa na uvimbe kichwani, umekaa miezi, ndio uliopasuka ukavuja damu. Aliniuliza kama marehemu aliwahi kulalamika macho au kichwa. Nikasema hapana. Niliogopa. Nilimwangalia daktari usoni nikasema hapana, wakati asubuhi zote za mwezi ule nilimsikia Amiri akitapika bafuni na kufungua maji ili nisisikie.

Nanyi nikawaacha na presha yenu, kwa sababu ilinifaa. Miezi minne umejilaumu, nami nikakusikiliza. Amiri hakumsahau Mama. Mwanga wa simu ulikuwa ukimuumiza kichwa. Hata Alhamisi ile, ulipokata, alicheka akasema dada akigomba anafanana na Mama kabisa, akalala.

Sijui kama angepona. Daktari alisema kwamba ukigunduliwa mapema wengine hupona. Neno lile, wengine, nalala nalo.

Mama usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikija mwezi wa pili, nikiwa nimekaa chini mbele yake. Wewe ukitaka kuninyamazia, ninyamazie, nitaelewa. Ila nakuomba kitu kimoja: kuanzia leo usiseme tena kwamba ni wewe.

Nisalimie shemeji, na Nasra mwambie nimepata viatu vyake vya shule. Gerishon anakupa pole tena, pamoja na wote wa huku wanaokujua kwa jina. Mungu amrehemu Amiri, atusitiri na sisi.

Ni mimi, mdogo wako aliyebaki,
Shabani