Anga la Julai Mbele ya Waamuzi

Bergen, Norwei
Oktoba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa mzima wa mwili, ingawa mvua ya huku haijatupa nafasi ya kuanika hata kitambaa cha mezani. Naomba unijulishe hali ya goti la Mama, na kama migomba ya hapo Lemara imesimama baada ya upepo uliousimulia. Barua yako ilinifikia kabla ya hukumu kutolewa. Haya ndiyo majibu yake, na si majibu uliyoyatarajia.

Uliniandikia hivi: "Ukikaa katika kiti hicho, usijifanye humjui mdogo wako." Niliuelewa uzito wa maneno hayo. Elibariki hana kazi tangu mitumba ilipojaa sokoni na kile kiwanda cha nguo, alikokuwa akibuni michoro ya vitenge, kikafungwa. Mshindi wa mashindano haya ya picha za rangi za maji anapewa mwaka mzima wa masomo katika chuo hiki ninachofundisha. Nilijua pia kwamba akikosa, ataajiriwa kupuliza dawa katika mashamba ya maua Usa River, na kifua chake tunakijua sote.

Tulikuwa waamuzi watatu: mwenyekiti wetu, ambaye ni mama mtu mzima wa hapa Bergen; mchoraji mmoja mzee kutoka nchi jirani, na mimi. Picha hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu. Hata hivyo, nilikuwa nimemweleza mwenyekiti mapema kwamba ndugu yangu ameshiriki, na kwamba nikiitambua kazi yake nitatoka.

Niliitambua mara ilipowekwa mezani. Amechora lango la kiwanda chao likiwa na kufuli, na juu ya ua wake wachuuzi wametundika makoti na mashati ya mitumba. Nyuma, mahali ulipo Mlima Meru, hakuna mlima. Kuna karatasi tupu iliyoachwa bila rangi, na kuizunguka kijivu kilichopakwa kwa maji mengi. Lango hilo angeweza kulichora yeyote wa Arusha. Lakini ukingo wa juu wa anga ulikuwa na mstari mzito, mahali rangi ilipotuama na kukauka. Ni Elibariki peke yake ninayemjua anayepaka anga huku ameigeuza karatasi juu chini.

Nikasimama. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani.

"Kaa," akasema kwa sauti ya chini. "Nani anajua?"

"Najua mimi."

"Anaeli, tukibaki wawili tukapingana, picha inaanguka. Kanuni ndiyo hiyo."

"Naielewa kanuni."

Baba, ulipokuwa mzee wa kanisa, shauri la mjomba lilipofikishwa barazani ulitoka ukasimama nje, chini ya upenu, hadi walipomaliza. Mama alikulaumu mwezi mzima. Mimi nilikuwa upande wako, na sikuwa na njia nyingine niliyofundishwa.

Nami nilitoka, nikasimama ukumbini. Mlango wa chumba kile ni mwembamba, na yule mzee ana sauti ya mnadani.

"Huyu hajui mwanga," alisema. "Hii ni Afrika gani isiyo na jua? Nimekaa Afrika mimi! Kivuli kinakatwa kama kwa kisu."

"Ulikaa wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Mombasa. Hotelini, ufukweni."

"Afrika ni kubwa, bwana."

"Jua ni moja, bibi. Na mlima kausahau! Rangi zimemfia mkononi, ndiyo maana kaziosha."

Mwenyekiti aliitetea kadiri alivyoweza, lakini hajawahi kufika kwetu. Hakujua kwamba mwezi wa Julai Arusha hukaa siku nyingi bila jua wala kivuli, na watu wakavaa makoti yale yale yaliyochorwa juu ya ua. Hakujua kwamba Meru haukusahauliwa, bali ndivyo unavyokuwa ukimezwa na mawingu. Sentensi mbili zingetosha. Nilikuwa nazo mdomoni, na mkono wangu haukugusa kitasa.

Wakapingana. Picha ikaanguka.

Jioni nilimweleza mwenyekiti habari za Julai. Akasema, "Ungeniambia kabla ya kutoka." Nikamjibu kwamba kabla ya kutoka hakuna aliyekuwa ameuliza. Jibu hilo ni sahihi, Baba, wala halijanipa usingizi.

Usimwambie Elibariki kwamba picha yake ndiyo iliyokuwa bora. Sikuipa alama, na siwezi kuapa kama jicho lililoipenda lilikuwa la mwamuzi au la dada. Ninaloweza kulithibitisha ni hili tu: anga lile ni la kweli.

Msalimie Mama. Msalimie shangazi wa Themi, na mke wa Elibariki, ambaye najua atakuwa wa mwisho kunisamehe. Wajukuu wako wabusu vichwani kwa niaba yangu.

Elibariki asipate habari hizi kwa watu. Mwite, umwambie wewe. Akiuliza kama nilikuwemo chumbani, mwambie nilikuwa nje ya mlango na nilisikia kila neno. Asipouliza, mwambie vilevile.

Mimi, binti yako,
Anaeli