Vidoa Kumi na Tisa Shingoni

Jumatatu, 4 Machi

Vidoa kumi na tisa! Nimevihesabu kwa vioo viwili, kama ninavyohesabu mafundo ya uzi ninayofunga kwenye sari kabla hazijatiwa rangi. Vya kahawia, kila kimoja kwenye shina la kinyweleo, katikati ya baka jeupe la shingo. Daktari Vasavada hakunidanganya: kinga ya mwili wangu ilikuwa inazipiga chembe zangu za rangi, ikizidhani adui. Marhamu imeituliza — na zilizojificha sasa zinachungulia. Miaka sita ya mbalanga! Bado inachoma nikipaka. Ichome tu.

Ijumaa, 22 Machi

Haichomi tena. Bijal, mdogo wangu, kasema ngozi imezoea, dada, shukuru Mungu. Nimeshukuru. Nafunga mafundo ya kitambaa chekundu cha uchumba wake, kile wakwe watakachomfunika kichwani. Mafundo elfu nne. Kidole kimeota sugu.

Jumapili, 14 Aprili

Vidoa kumi na kimoja. Labda mwanga mbaya.

Jumanne, 16 Aprili

Mkia wa tyubu ya marhamu yangu ulikunjuliwa ukakunjwa tena. Nimenusa — vaselini! Ile ya visigino vya bibi.

Mama hata hakukana. Bijal ana baka nyuma ya sikio tangu Januari, nywele zinalificha. Dawa yangu anapakwa yeye. Kwa nini asiandikiwe yake? Eti mwenye duka la dawa ana mdomo, mji mzima wa Jamnagar ungejua kabla ya chai ya jioni. Halafu: "Wewe una miaka thelathini na tatu, Kokila. Mwenzako ana mchumba."

Bora angenitukana. Na Bijal! Aliyekaa nami kwa daktari, aliyepiga makofi kwa kila kidoa! Kikulacho ki nguoni mwako. Sijala leo.

Alhamisi, 25 Aprili

Wakwe wako chini. Mama mkwe, Bi Manjula, alikifungua kitambaa, akakisifu, akazisogeza nywele za Bijal ili amfunike vizuri. Mkono ukasimama. Baka — na ndani yake vidoa vya kahawia, vimejaa. Vidoa vyangu!

"Hii nini, binti yangu?"

Mama akadakia: "Kaambukizwa na dadake, taulo lao moja. Si la ukoo hili. Tukiwatenganisha litaisha."

Haliambukizi! Daktari alisema mara tatu, Bijal akisikia. Nikamtazama. Akainamisha kichwa chini ya mafundo yangu elfu nne.

Nimekimbilia huku juu. Nikisema kweli, uchumba umevunjika. Nikinyamaza, nani tena atakunywa chai kwenye kikombe nilichoshika mimi? Mama ananiita kwa ile sauti yake tamu ya wageni.

Bijal amepanda. Amesimama mlangoni, kitambaa kichwani, macho mekundu, tyubu mkononi.

"Imebaki nusu, dada. Chukua yote. Shuka tu uwaambie ni wewe uliyeniambukiza."