Kwa Mama Nyamusi: Habari za Leso Yako

Mwaka mzima umekwisha, Mama, tangu tulipokulaza karibu na ile migomba ya juu, na kwa kweli tulishindwa kungoja siku hii ifike. Tuna habari! Wengine huandika kumbukumbu wakilia. Sisi tumelia vya kutosha, nawe unajua tunavyolia, lakini leo tumekuja na furaha hata hatujui tuanzie wapi.

Tuanze na wewe. Tulitaka kuandika kwamba ulikuwa malaika. Binti yako Nyamusi akatukataza. "Malaika hachumi majani chai," alisema, "na Mama alichuma kila siku isipokuwa Sabato." Basi tumefuta. Ulikuwa Phanice wa Manga, mchumaji mwenye vidole vyepesi, mwimbaji wa kwaya, mwanamke asiyeweza kumpita mtu njiani bila kumuuliza habari za watoto, ng'ombe na mafua ya juzi. Ulicheka ukifunika mdomo. Chai yako ilikuwa maziwa matupu, na hiyo ni aibu kwa mkulima wa majani chai, lakini wewe hukuona haya.

Nyamusi alikuwa msichana mkubwa tayari pale daktari mmoja mjini Kisii alipokupa lile neno, usonji. Ulirudi nyumbani ukilitamka kwa kila mtu, umefurahi kwamba jambo lina jina. Lakini mambo yenyewe ulikuwa umeyajua zamani. Ulikata vibandiko vya shingoni katika blauzi zake zote kwa sababu vilimchoma. Ulimpakulia mboga ya managu mbali na ugali, visigusane. Na kelele zilipomzidi, akaingia chumbani na kujifunika blanketi gubigubi, ulikaa pale mlangoni na leso yako ya rangi ya chungwa kiunoni, ukawaambia wageni, "Nyamusi amepumzika. Nyinyi kunyweni chai." Nani angekupita?

Ndiyo maana siku zako za mwisho hukuuliza habari za shamba. Ulimshika mkono Manasseh, kitinda mimba wako, ukamuuliza, "Nyamusi ataishi na nani?" Manasseh akasema atamchukua kwake Nakuru. Nyamusi alikuwa amesimama dirishani. "Nitaishi hapa," akasema. Ukafumba macho bila kuamua, na sisi tukabaki na majibu mawili.

Mazishi yalipokwisha, Manasseh akataka kumpakia garini. Dada mtu akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Najua kupika. Najua kuchuma. Najua kufuma. Najua njia ya kwenda kwa Dahabo. Mama alinifundisha." Hapo hakuna aliyeweza kumbishia, maana ulimfundisha kweli. Tukakubaliana akae hadi kumbukumbu yako. Ikionekana hawezi, atakwenda Nakuru.

Alianza vizuri, Mama! Alichuma, akapika, akalala. Akaenda Kisii peke yake kupeleka sweta za shule alizofuma, asubuhi mapema kabla wenye vipaza sauti hawajaanza kelele zao. Unamkumbuka Dahabo wa duka la nguo, aliyekuuzia leso ile? Alitupigia simu papo hapo. "Wallahi huyu binti amenitoa machozi! Nimemwona mlangoni nikazima redio, vile mama yenu alinionyesha. Akaniambia, 'Habari, nimeleta sweta, leo sitaki chai.' Maneno yote yametoka sawasawa, na mimi nimebaki na birika mkononi!"

Kilichotaka kuharibu mambo ni mlango. Unajua desturi yetu: mtu akiwa nyumbani, mchana mlango uko wazi. Ukiufunga, umesafiri, au una nyama unaificha, au umekufa. Jumapili moja kulikuwa na harusi ya jirani, na spika zake zilitikisa hadi mabati yetu. Nyamusi akafunga mlango akaingia chini ya blanketi. Mama Linda, yule jirani wa chini, akaja kuazima ungo. Akagonga. Akaita. Kimya. Basi Mama Linda, na mapafu yake unayajua, akapiga nduru iliyovuka bonde.

Watu wakatoka kwenye majani chai na vikapu mgongoni. Baba mdogo Nyamongo, shemeji yako, hakuuliza swali. Aliuvunja mlango kwa bega. Wakaingia wote wakilia tayari, na kuna mmoja, hatutamtaja, aliyekuwa ameshaanza wimbo wa msiba. Wakamkuta Nyamusi ameketi kitandani ameziba masikio.

"Mlango kufungwa si kufa," aliwaambia. "Ni kufungwa tu."

Kisha akawapita akakimbilia migombani, akakaa huko mpaka wa mwisho wao alipoondoka.

Habari zilifika Nakuru zikiwa zimenenepa. Kwa Manasseh, dada yake alikuwa ameokolewa kutoka kaburini. "Nimesikia ya kutosha," alisema kwenye simu. "Kumbukumbu ikifika, nakuja na gari." Nyamusi alikuwa karibu, akasikia kila neno. Hakula. Aliogopa, akifikiria kuamka katika nyumba ambayo hajui swichi ya taa iko ukuta gani, ambako televisheni haizimwi. Alitaka kubaki hapa, na aweze kufunga mlango wake bila kuzikwa.

Kesho yake alikaa mahali pako, akautazama ule mlango uliolala. Akajiuliza wewe ulikuwa ukifanya nini pale miaka yote. Ulikuwa ukiwaambia watu. Sasa hakuna wa kuwaambia, na wao watajuaje? Akaenda kwenye sanduku, akatoa leso yako.

Nyamongo alipokuja na nyundo kurekebisha alichovunja, alikuta leso inaning'inia kwenye msumari kando ya mlango.

"Leso ikiwa nje, karibuni chai," Nyamusi alimwambia. "Ikiwa ndani, nimepumzika. Msigonge."

"Sasa mwanangu, ukiwa mgonjwa je? Sisi tutajua namna gani?"

Hilo alikuwa ameshalifikiria. "Kila asubuhi nitaitoa kwanza. Asubuhi nisipoitoa, vunja."

Nyamongo akakuna kichwa. Akaangalia leso, akaangalia bega lake lililovimba. "Mbuya mono," akasema. Ndivyo asemavyo anapokubali kabisa.

Mama, laiti ungeona! Nyamongo alipita boma kwa boma akitangaza. Watoto wanaokwenda shule wanaiangalia leso wakipita. Ikiwa nje, watu wanaingia, wanakunywa chai, wanakaa kidogo. Ikiwa ndani, hata kuku wa Mama Linda wanaonekana kupita kimya. Na yeye Mama Linda ametundika yake! Anasema amechoka kupikia watu chai saa zote, na hakujua kumbe mtu anaweza kupumzika mchana bila kuwa na malaria.

Sasa sikiliza la jana. Manasseh amefika na gari, buti tupu, ameleta na kamba za kufungia godoro. Kwaya ilikuwa imetoka hapa kufanya mazoezi ya kumbukumbu ya leo, kelele zikamchosha Nyamusi, na leso ilikuwa ndani. Manasseh akanyoosha mkono kwenye mlango.

"Hujaona leso haiko?" Ni Nyamongo, amekaa kwenye kigoda chini ya paa. "Kaa."

"Baba mdogo, mimi nimezaliwa nyumba hii!"

"Na mimi niliivunja. Kaa."

Akakaa. Mvua ikaanza kunyesha, nasi sote tukabanana ukutani. Manasseh alikuwa akiutazama mlango huku anazungusha ufunguo wa gari kidoleni. Hatujui alikuwa akifikiria nini. Tunajua tu kwamba hakugonga.

Mlango ukafunguka. Nyamusi akatoka, akatundika leso, akainyoosha pindo mpaka ikakaa sawa, ndipo akamtazama ndugu yake.

"Karibu, Manasseh. Chai ina maziwa mengi."

Manasseh alilia, Mama, tena kwa sauti, na Nyamusi akamwambia alie nje kwanza halafu aingie. Tulicheka mpaka Nyamongo akashika mbavu. Leo buti ya gari imejaa ndizi na viazi vitamu alivyopakia Nyamusi mwenyewe, zawadi za kupeleka Nakuru, na kamba zile zimefunga magunia.

Uliuliza Nyamusi ataishi na nani. Anaishi na Nyamusi, Mama, na wanapatana sana.

Tunaokukumbuka ni Manasseh na mkewe, wajukuu wako, shemeji yako Nyamongo, Mama Linda na wanakwaya wenzako, Dahabo wa Kisii ambaye sasa ni mtu wa hapa nyumbani, na Nyamusi, binti yako, mwenye nyumba. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu. Pita wakati wowote, Mama. Leso iko nje.