Msafara wa Dada Noella Haukunisubiri

Jumapili, Desemba. Tangu asubuhi mawingu yamefunga lakini mvua haishuki, na joto linanata mwilini. Nyumbani wote wamelala usingizi wa baada ya harusi. Mimi nimekaa kwenye ngazi za jengo letu hapa South Beach, simu mkononi, na nina hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Basi naiweka hapa.

Jana dada yangu Noella aliolewa. Baada ya Krismasi anahamia Cape Town na mume wake, na chumba tulicholala wote wawili tangu nikiwa mdogo kitabaki changu peke yangu. Kwenye harusi zetu Wakongomani hapa Durban, bibi harusi akifika ukumbini, ndugu zake huitwa mmoja mmoja waje mbele. Huyu anaimba, yule anacheza, mwingine anashika maikrofoni na kusema mpaka mama zetu wanalia. Mimi siwezi. Mbele ya watu sauti yangu hukauka.

Ninachoweza ni kuendesha pikipiki.

Nina miaka kumi na saba, nimemaliza matric, mtihani wa mwisho wa sekondari, juzi juzi tu, na leseni yangu ya kujifunzia inaniruhusu pikipiki isiyozidi cc 125, bila abiria, mpaka nitimize kumi na nane. Pikipiki yenyewe ni ya Papa, ile anayoendea kazini kwenye ghala kule Clairwood. Ni ndogo, haina makelele. Alinifundisha siku za Jumapili baada ya ibada, kwenye maegesho matupu, mpaka nikaacha kuizima kila nilipotaka kuondoka. Ndani ya helmeti hakuna anayeniona uso. Ni mahali pekee ambapo sioni haya.

Dada alilijua hilo. Siku moja tukiwa tumelala, kila mtu kitandani kwake, aliniambia, "Weye ndiye utanifungulia njia, Sifa. Mbele ya gari yangu sitaki mwingine." Kufungua njia ni kazi ya pikipiki ya kwanza kwenye msafara. Inatangulia gari la bibi harusi kutoka kanisani mpaka ukumbini, imefungwa kitambaa cheupe, na video yote huanza nayo. Kwa ajili ya maneno hayo nilikisoma kitabu cha sheria za barabarani zaidi kuliko nilivyosoma historia. Hiyo ndiyo ingekuwa hotuba yangu kwake. Hiyo ndiyo ingekuwa kwaheri yangu.

Jana nje ya kanisa, kabla hatujaondoka, Junior, binamu wa bwana harusi, aliizunguka pikipiki yangu kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Yeye ana ya cc 600. Leseni hana, hata ya kujifunzia.

"Petite," akasema, akiniita mdogo kwa Kifaransa, "hii iko pikipiki ama mashini ya kushona?"

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, ndivyo ninavyofanya siku zote.

"Muache mutoto," Papa akamwambia. "Yeye iko na leseni. Ya kwako iko wapi?"

"Yangu hii hapa, Papa Noella," Junior akajibu, akavuta mafuta mpaka gari moja la jirani likaanza kupiga king'ora.

Tukaondoka, mimi mbele. Mama alikuwa amenifungia kitambaa mwenyewe kwenye usukani. Kwenye kioo cha pembeni niliona gari jeupe la dada na maua yake kwenye boneti, likinifuata kila nilipokata kona. Sijui niandikeje. Nilihisi nimesema yote niliyotaka kumwambia.

Kisha roboti, taa za barabarani, ikawa nyekundu.

Nikasimama. Nani asiyesimama kwenye nyekundu? Gari la dada likasimama nyuma yangu, na nyuma yake honi zikaanza. Junior akapenya katikati ya magari akaja ubavuni kwangu.

"Petite, musafara haisimamaka ku roboti. Nyekundu iko ya watu wanaenda kazi."

Niligeuka kumtazama dada. Kioo cha gari kikashuka, akatoa kichwa kidogo asiharibu nywele.

"Sifa, chérie, mupatie tu kitambaa apite mbele. Tumechelewa."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani.

Nikavua glavu. Mama hufunga fundo kama anafunga gunia. Roboti ikawa kijani, ikarudi nyekundu, mimi bado nafungua. Nyuma honi zote. Mtu akapiga kelele, "Mashini ya kushona imekwama," na safari hii sikucheka. Junior akachukua kitambaa, akakifunga kwake, akapita kwenye nyekundu, na msafara wote ukamfuata huku taa za dharura zikiwaka. Dada alinipungia mkono alipokuwa akipita.

Alinipungia mkono.

Ilipowaka kijani niliwafuata. Lakini njia ya kwenda Queensburgh, uliko ukumbi, inapanda, na malori yanayotoka Clairwood yanapanda nayo. Nilirudisha gia, nikalala juu ya tangi, injini inalia na mwendo hauongezeki. Lori moja lilinipita karibu sana, upepo wake ukanisukuma pembeni. Mbele sikuona tena gari jeupe. Nililia ndani ya helmeti, na ukweli ni kwamba ukilia humo ndani kioo kinajaa ukungu na huoni barabara. Nikalazimika kusimama kando mpaka machozi yaishe.

Nilipofika ukumbini, dada alikuwa ameshaingia. Nikiwa bado naegesha nilimsikia mshereheshaji akiita mdogo wa bibi harusi aje mbele. Akaita tena. Kisha akasema, "Huyu mutoto iko na haya, tumuache," na ukumbi mzima ukacheka kwa upendo. Nilipitia mlango wa jikoni, nikapewa trei ya soda nigawe.

Papa anasema nisijali, nikitimiza kumi na nane nitafanya mtihani wa pikipiki kubwa na hakuna atakayenipita. Papa hajaelewa. Hata ningekuwa na cc elfu moja, ningesimama kwenye ile roboti. Ninajua cc 125 ni kidogo, sheria yenyewe imesema iwe kidogo, na niliikubali. Kinachoniuma ni kwamba aliyekubali mipaka alitolewa mbele, akawekwa asiye na leseni kabisa, na aliyefanya hivyo ni mtu niliyejifunza barabara kwa ajili yake.

Asubuhi hii dada ametuma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza tena na tena nikitafuta kama kuna aibu hata kidogo kwenye sauti yake.

"Sifa, nimetafuta ku mapicha yote, hauko. Ulikuwa wapi, chérie? Video yote ya njiani ni mugongo ya Junior tu. Jumamosi ukuje unisaidie kufunga mizigo, sawa?"

Anacheka mwishoni. Hakumbuki. Kwake ilikuwa roboti moja tu njiani.

Niliandika maneno mengi nikayafuta yote. Mwisho nikamtumia, "Nilikuwa nyuma." Akanijibu kwa kile kiuso kinachocheka mpaka machozi.

Jumamosi nitaenda. Nitakunja nguo zake, nitafunga masanduku kwa utepe wa gundi, na najijua, nitakaa kimya mpaka gari lije kumchukua.

Au nitamwambia? Na nikimwambia, atakaa anisikilize, au atasema wamechelewa?