Shaba Ipashwe Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika Manzese, marahaba. Sie wazima, bibi yako anakusalimu.

Unauliza kwa nini kompyuta yako inaonyesha ufa kila unapoiga humo kuunga shaba na chuma kwa mwanga wa leza. Mie ujanani niliunga bomba la shaba kwenye chuma cha friza la bibi yako, wakati huo mteja tu, likaachia mara mbili. Nilikuwa nagawa moto sawasawa, nikijiona mtenda haki. Kumbe shaba inakimbiza joto, chuma kinabaki nalo! Mara ya tatu nikaipasha moto shaba kwanza. Likashika! Nilishangilia mpaka majirani wakatoka.

Jaribu hivyo kwenye kompyuta. Friza lile bado linagandisha, na mteja yule hajaondoka.

Babu yako