Dereva wa Pili kwenye Skrini ya Teksi

Omera Ochieng, ndugu yangu,

Mimi hapa, fundi wa skrini za magari anayetafutwa kutoka Nyamasaria hadi Pap Onditi, nimeshindwa na kitufe kimoja. Cheka tu.

Teksi yako ilirudi kwangu. Anaiendesha Mama Akinyi sasa. Ndiyo, mke wako! Na abiria wake hawaombi Mungu kwenye kona kama wako. Lakini alifika amenuna: "Shemeji, hii menyu yenu ya wanaume siiwezi. Natafuta kupunguza sauti, inaniuliza habari za saa."

Nikakukumbuka, omera. Kila menyu niliyoipanga niliijaribu kwako kwanza. Ukikosa kitu kwa mguso mmoja, unanifokea: "Mimi naendesha ama nafanya mtihani?" Nafuta, naanza upya. Mimi niliyefika Dubai (sawa, uwanja wa ndege tu) na kuachia shule kidato cha pili, sijapata mwalimu kushinda vile vidole vyako vinene.

Basi nikampangia kwa sheria yako. Mbele vitu vinne, maandishi makubwa: sauti, simu, ramani, AC. Yasiyohitajika barabarani yakae ndani. Akaenda Manyatta akarudi, hakunitukana hata kidogo. Nilikosa raha.

Ukabaki wewe, dereva uliyehifadhiwa mle kwenye skrini. Gari ikiwashwa, skrini inaandika "Karibu Bwana Mkubwa," halafu ule muziki wako wa ohangla unapasua masikio. Nikaingia kukutoa. Ikaniuliza: "Futa dereva huyu?"

Kidole kikagoma. Nikasingizia vumbi, nikapangusa macho. Mama Akinyi akasema polepole, "Usimfute. Ila gari inijue mimi kwanza."

Kwa hivyo yeye ndiye dereva wa kwanza. Wewe ni wa pili, nikakuweka ndani kabisa, chini ya mambo ya saa. Mara ya kwanza maishani mwako kukaa nyuma bila kubishana.

Juzi alirudi. Hakuzima hata injini. "Shemeji, mbona umemweka mbali hivyo? Nikimtaka, mpaka nisimame kando ya barabara."

Mimi mwenye mdomo huu wote nikainama kwenye skrini. Nikakuleta mbele, kando ya sauti. Vitu vitano sasa.

Pumzika kwa amani, omera. Maadamu gari hiyo inapita mikononi mwangu, hakuna atakayekufuta, na hutakuwa mbali naye zaidi ya mguso mmoja. Nimepima mwenyewe, kwa kidole kinene.

Ni mimi,
Fundi wako