Kiwiko Nje ya Nyumba

Mama, shikamoo. Natumai goti limepata nafuu na kuku wa jirani hawajaumaliza mchicha wako.

Huku chuoni Kakamega, tunakofunzwa usanifu wa majengo, jana mwalimu alituambia tuchore nyumba tulizobuni kwa chaki kwenye uwanja wa simiti, kwa ukubwa wake halisi. Kisha akamwita Mama Nafula, mpishi wa kantini, aje na mwiko wake azikague. Yangu nilikuwa nimeiringia wiki nzima. Akaingia jikoni, akapanua miguu, akaanza kusonga ugali wa hewa. Mara akasimama. Kiwiko chake kilikuwa kimevuka mstari wa ukuta.

"Kijana, kwenu watu wanapikanga bila mikono?"

Darasa zima lilicheka, na mimi pia. Nikafuta ukuta kwa kiatu, nikausogeza hatua moja. Akasonga tena. "Sasa hapa obusuma itaiva," akasema, ndivyo wanavyouita ugali huku. Ile mvua ya kila alasiri ikaja ikazoa chaki yote, nasi tukakimbilia kantini, akatupakulia ugali wa kweli kwa kuku.

Nikiwa natafuna nikakukumbuka. Wewe husonga ugali umesimama mlangoni, mguu mmoja nje, nasi tulikuwa tukikucheka kwamba unachungulia majirani. Kumbe hukuwa ukitoshea jikoni, na hukusema.

Nikija likizo nitakuwa na chaki mfukoni. Wewe shika mwiko tu, usonge kwa raha zako. Ukuta nitauchora pale kiwiko chako kitakapokoma.

Mwanao akupendaye,
Kombo